Hesabu ya Mashoto

Mji ule haukuwa na jina, maana jina ukilisoma kwenye kioo hugeuka, na walioujenga hawakutaka kitu chochote kinachogeuka. Waliuita Mji tu, basi. Saa zake zilikwenda mbele mpaka saa sita, kisha zikaanza kurudi, tano, nne, tatu, hivyo aliyetazama ukutani akaona saa nne hakujua kama bado hajanywa chai au ameshamaliza chakula cha mchana, mpaka alipopapasa tumbo lake mwenyewe. Nyumba yenye mlango mmoja ilichorewa wa pili kwa rangi. Mwenye baka shavu hili alijipaka baka shavu lile. Alikuwepo fundi cherehani mmoja aliyetobolewa jicho na sindano. Wakaja watu wapole, wakampa pole, wakalifunga kwa kitambaa lile jicho lililobaki, na yeye akawaambia ahsante. Mgeni angecheka. Doto hakuwahi kucheka, kwa sababu alizaliwa humo humo.

Sheria yote ya Mji ilikuwa neno moja lililochongwa juu ya lango: PIA. Kinachotokea kulia hutokea kushoto pia. Kinachokuja na mwenzake huondoka na mwenzake pia. Neno dogo kama hilo, la kubandika mwishoni mwa sentensi, ndilo lililowaua nusu ya watu niliokusudia kukusimulia.

Doto alikuja duniani dakika chache nyuma ya dada yake, ndiyo maana yeye akaitwa Doto na yule Kurwa. Miaka arobaini na moja walikaa nyumba moja, wakagombana, wakapatana, wakavaa kanga za jozi moja. Halafu Kurwa akashikwa na homa siku ya Jumatatu, na Alhamisi wakamzika. Siku zikaanza kuhesabiwa. Ikifika arobaini, pacha aliyebaki hupelekwa uwanjani, Kioo kikubwa kinafunguliwa kama mlango, naye anaingia. Huko ndani hakuna aliyewahi kurudi akasema kuna nini. Waliita jambo hilo kusawazishwa, na walilisema kwa upole uleule unaomwambia mtu karibu chai. Jirani yake, mama mwenye roho nzuri kabisa, alikuwa ameshamwomba jiko lake la mkaa na lile la Kurwa, yote mawili, ili yasije yakatenganishwa.

Ilikuwa siku ya thelathini na tisa. Doto hakutaka kwenda. Hilo ndilo jambo lenyewe, wala hakuwa na mtu wa kumwambia. Nilimpenda kuliko pumzi zangu. Pumzi zangu bado nazitaka. Nani anaweza kusema hivyo mbele za watu? Kurwa angenielewa. Kurwa angesema, basi kaa, nani kakufukuza. Lakini Kurwa hayupo wa kusema, ndiyo maana wananifukuza. Aliyafikiri haya akitembea kwenda kwenye Nyumba ya Chembe, na aibu ilimshika mpaka akajifunika kanga usoni.

Watu wa Mji hawakuwa wakatili. Hawakumpitisha mtu kwenye Kioo kabla ya kuziuliza chembe, maana chembe hazina shangazi wala mjomba, haziwezi kupendelea. Katika Nyumba hiyo, ndani ya pipa lenye baridi ya kutisha, kulikaa punje ya chuma isiyozidi punje ya hindi. Ndani ya punje, walisema wanaojua, mna chembe zisizo na idadi, na kila moja inazunguka kama pia, ile ya mti ambayo watoto huichapa kwa kamba. Baridi huzituliza. Sumaku kubwa iliyolizunguka pipa huzilaza zote zielekee upande mmoja na kuzunguka mzunguko mmoja. Kisha zinaachwa zioze. Lakini chembe haiozi kama embe. Inakaa, inakaa, haizeeki hata kidogo, halafu ghafla, bila sababu anayoijua mtu, inakuwa kitu kingine, na katika kugeuka huko inatema cheche moja. Cheche hutoka kwenye ncha hii ya pia, au kwenye ncha ile. Vigae viwili vya manjano vilisimama, kimoja kila ubavu wa pipa, kimojawapo upande wa dirisha, na cheche ikikigonga kigae, kigae kiliwaka.

Swali lilikuwa moja. Kama ulimwengu haujui kulia wala kushoto, ncha zote mbili zitatema sawasawa, na sheria ya Pia itakuwa sheria ya ulimwengu, siyo ya watu. Kama ncha moja inapendelewa, basi Mji mzima ulikuwa umejidanganya. Kwa miaka ishirini jibu lilikuwa lilelile, na waliolipata walikuwa Kurwa na mwenzake wa kazi.

Mwenzake huyo ndiye Mlekwa, mtu mwembamba, mpole, aliyevaa saa mbili, moja kila mkono. Alimwona Doto mlangoni akasimama kama aliyeona mzuka.

"Kurwa," alisema, kisha akajishika kinywa. "Bi Doto. Nisamehe, dada yangu."

"Usijali, Kaka Mlekwa. Leo mimi ndiye Kurwa. Si ndivyo sheria isemavyo?"

Ndivyo ilivyosema. Kiti cha Kurwa hakikuweza kukaa kitupu, na Doto ni Kurwa pia. Kwa hiyo aliitwa akalie kiti cha marehemu na kuhesabu hesabu ya kifo chake mwenyewe. Mji haukuona ajabu yoyote.

Viti viwili vilikabiliana, pipa katikati, ili Nyumba yenyewe iwe mfano wa kioo. Kila mhesabu alikuwa na mikebe miwili: mkebe wa shanga nyekundu mkono wa kulia, wa shanga nyeusi mkono wa kushoto. Kigae cha upande fulani kikiwaka, mhesabu anachota ushanga mmoja kwenye mkebe wa upande huo, anautia kwenye kopo lake. Zikitimia cheche elfu moja, makopo mawili yanamwagwa kwa pamoja kwenye ungo, na hapo tu ndipo shanga zinahesabiwa. Ilikuwa mwiko kuzihesabu za mmoja peke yake. Miaka ishirini, kila zilipomwagwa: nyekundu elfu moja, nyeusi elfu moja. Haikuzidi hata moja. Watu wazima walikuwa wakitokwa na machozi kwa usawa ule.

"Panga mikebe yako," Mlekwa alisema. "Nyekundu mkono wa kulia."

Na hapa niseme jambo ambalo Mji haukulijua. Mama yao aliwafundisha pande wakiwa wadogo, jikoni, wamekaa uso kwa uso kwenye sinia. "Mkono wa kulia ni huu, wa kulia chakula," alisema. Kurwa akainua mkono wake anaolia, Doto akainua wake anaolia, na mikono yote miwili ikawa upande mmoja wa sinia. Doto alikuwa mashoto. Kwa sheria si kosa, maana sheria inasema mikono ni sawa. Lakini jaribu kutia mkono wa kushoto kwenye sinia ya watu uone macho yao. Tangu siku hiyo Kurwa alikaa ubavuni kwake katika kila shughuli, na chakula kikiletwa alimgusa goti la kulia, polepole, chini ya kanga. Kwa miaka arobaini Doto hakujifunza kulia ni wapi. Alijifunza goti lake.

Leo hakuna aliyemgusa goti. Doto aliwaza kidogo, mkono wa kulia, wa kulia chakula, akaweka mkebe mwekundu pale ulipokuwa mkono wake anaolia.

Sumaku ikavuma. Vigae vikaanza kuwaka.

Huku. Huku tena. Kule. Huku. Kila cheche ni kitu kilichokuwa na sasa hakipo. Chembe haikuuliza imebakisha siku ngapi. Haikuletewa pole. Huku. Mwenzake aliye jirani bado anazunguka, hajui. Hajaambiwa kwamba ni zamu yake pia. Kule. Huku. Kurwa, umeona? Hazifuatani. Moja inaoza na jirani yake anabaki, na hakuna anayekuja kumchukua.

Mkebe wake mwekundu ulikuwa ukiisha upesi. Aliinua macho akaona na wa Mlekwa unaisha, mwekundu vilevile. Mlekwa naye aliona. Akayarudisha macho yake kwenye kigae haraka, kama mtu aliyekutwa anachungulia dirisha la watu.

Walipomwaga makopo, hakukuwa na haja ya kuhesabu. Ungo ulikuwa mwekundu. Walihesabu hata hivyo. Nyekundu elfu moja mia mbili na kumi na sita. Nyeusi mia saba themanini na nne. Mlekwa akazihesabu mara ya pili huku midomo ikimcheza. Halafu akatazama mikebe ya Doto, na pumzi ndefu ya nafuu ikamtoka.

"Aa, dada! Umenitia hofu bure. Umekosea mikebe. Nyekundu umeiweka kushoto."

"Si mkono wa kulia huu?"

"Siyo, huo ni wa kushoto. Wa kulia ni ule."

"Mimi nalia kwa huu," Doto alisema, na ilikuwa ni mara ya kwanza kulisema hilo mbele ya mtu asiye wa tumbo moja naye.

Mlekwa alimtazama, akaelewa, akainamisha macho kwa adabu. "Basi si neno. Tunasahihisha. Zako zinabadilishana majina, nyekundu zinakuwa nyeusi." Akapiga hesabu kwa vidole hewani. "Elfu moja kwa elfu moja. Umeona? Sawa kabisa. Haijazidi hata moja."

Doto alikuwa ameshasimama. Akatazama vigae, akatazama viti viwili vinavyokabiliana.

"Haijazidi hata moja," alirudia. "Kaka Mlekwa, chembe haijui itaoza lini. Leo izidi tatu huku, kesho izidi tano kule, ningesema ndiyo. Lakini miaka ishirini haijazidi hata moja? Kigae kile cha upande wa dirisha. Kwako kiko wapi?"

"Kulia."

"Na kwa aliyekaa hapa?"

Mlekwa aligeuka akalitazama dirisha.

"Kushoto. Kigae ni kimoja. Kikiwaka, wewe unatia nyekundu, Kurwa anatia nyeusi. Kikiwaka kile kingine, wewe nyeusi, yeye nyekundu. Cheche zote elfu zingetoka dirishani, ungo ungetoka sawa. Hakuna hata cheche moja iliyopotea, ila hatukuwahi kuzisikiliza. Tulikuwa tunahesabu viti."

Mlekwa alikaa chini taratibu, akaanza kuzungusha saa ya mkono mmoja, kisha ya mkono wa pili.

"Mkebe wangu mwekundu," alisema hatimaye, "umekuwa ukiisha kwanza tangu siku ya kwanza niliyoanza kazi. Na kwa Kurwa uliisha mweusi. Tulikuwa tunataniana. Nikadhani ndiyo sheria yenyewe hiyo, kwangu hivi, kwake vile. Nikaona uzuri wake, Bi Doto. Wallahi niliona ni kitu kizuri."

"Nakuamini."

"Unamkumbuka Saumu?"

Doto alimkumbuka. Saumu alikuwa mke wa Mlekwa, mwanamke mcheshi mwenye sauti kubwa, na yeye pia alizaliwa pacha. Dada yake alikufa kwa uzazi miaka tisa iliyopita.

"Hesabu yake niliifanya mimi," Mlekwa alisema. "Kwenye kiti hiki hiki. Watu waliniambia nipumzike, nikasema hapana, nataka nione kwa macho yangu kwamba ni haki. Nikaona. Elfu moja kwa elfu moja. Nikaenda nyumbani nikamfunga kanga kwa mikono yangu, nikamshika mkono mpaka uwanjani, akaniuliza, Mlekwa una hakika? Nikamwambia nina hakika. Ukilisema hilo lako, nitakuwa nimemwua bure. Niachie, dada. Nakuomba. Sahihisha mikebe, uniachie haki yangu."

"Nikikuachia, kesho naingia mimi."

"Najua."

"Sitaki kuingia, Kaka Mlekwa. Sitaki. Nataka kuishi hata bila ya Kurwa, na naona haya, lakini ndivyo."

Hakuna aliyekuwa amelisema neno hilo ndani ya Nyumba ile. Lilining'inia hewani, wala halikuwa na la pili yake.

Ndipo alipoingia Mshika Kioo, mwanamke mrefu wa makamo, mwenye amri ya kukifungua Kioo, na watu ishirini nyuma yake. Alikuwa na kovu shavu la kulia, la kuungua utotoni, na kila alfajiri alijichora la pili shavu la kushoto. Wakamwamkia, shikamoo, shikamoo, mara mbili kama desturi.

"Marahaba, marahaba. Ungo unasemaje?"

Doto akaeleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akirudia maneno, na aliposema kwamba yeye ni mashoto mnong'ono ukapita. Mshika Kioo alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwanangu, aliyekalia siku yake ya thelathini na tisa anaona nyekundu kila mahali. Sikulaumu. Mlekwa, alikosea mikebe?"

"Alikosea, Bi Mkubwa."

"Ukisahihisha inatoka ngapi?"

"Elfu moja kwa elfu moja."

"Basi sahihisha tumalize."

"Sawa," wakasema wale ishirini.

Doto alimtazama Mlekwa. Hakumwomba tena. Alijua kwamba mtu mmoja tu duniani angeweza kusadikiwa, na mtu huyo alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Mlekwa akanyoosha mkono kuelekea kwenye ungo. Mkono ukasimama juu ya shanga, ukarudi. Akainuka, akakishika kiti chake kwa mgongo, akakiburura. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu mpaka watu wakaziba masikio. Akalizunguka pipa nacho, akakiweka ubavuni kwa Doto, viti viwili vikitazama upande mmoja, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

"Bi Mkubwa," alisema, "nipe cheche elfu moja zaidi."

Kisha akaketi, akamgusa Doto goti la kulia, polepole. "Upande huu," alinong'ona. "Kurwa alinisimulia."

Doto akahamisha mkebe mwekundu. Machozi yalikuwa yameshaanza kumlengalenga, lakini vigae viliwaka, naye akachota.

Nyeusi ndizo zilizotangulia kuisha safari hii, kwake na kwa Mlekwa, kwa maana kigae cha dirishani sasa kilikuwa kushoto kwa wote wawili. Ungo ukatoka mweusi: elfu moja mia mbili na kumi na nne, kwa mia saba themanini na sita. Mshika Kioo akasogea karibu. Hakuwa mjinga. Akaagiza pazia lishushwe na sumaku igeuzwe au isigeuzwe, yeye peke yake ndiye ajue, ili zile pia ndani ya punje zielekezwe upya na wahesabu wasijue vipi. Wakahesabu tena. Ungo ukatoka mwekundu.

"Nimeigeuza," alisema Mshika Kioo, taratibu. "Zimeifuata." Akautazama ungo. "Sawa," akasema kwa mazoea, halafu akalisikia neno lililomtoka, akapeleka kidole shavuni na kuanza kulisugua lile kovu la rangi, akalisugua mpaka likabaki moja tu, la kweli. "Haiko sawa. Tangu lini haiko sawa?"

"Tangu mwanzo," alisema Mlekwa. Hakuwa akimjibu yeye.

Kioo hakikufunguliwa. Watu walitawanyika bila kuagana, kila mmoja akitembea mbali na mwenzake, kama waliosahau jinsi ya kwenda wawili wawili. Mlekwa alivua saa zake zote mbili akaziacha kwenye kiti, akaenda uwanjani, akaketi mbele ya Kioo na kukigonga kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayebisha hodi nyumba ya watu waliolala. Doto alisimama naye kidogo. Akamwekea mkono begani, kisha akaenda zake.

Njiani aliwaza. Kama kila kitu kingekuja na kinyume chake, na kila kinyume kikamkuta mwenzake, vingefutana vyote, kusingebaki hata vumbi la kukanyaga. Basi haya yote, barabara, mawe, mama jirani na tamaa yake ya majiko, pengine yapo kwa sababu hapo zamani sana kitu kimoja kilibaki bila ya mwenzake na hakuna aliyekuja kukisawazisha. Wazo hilo halikumfariji. Alitamani lingemfariji.

Nyumbani alipakua wali, kwa mazoea akatoa sahani mbili. Akairudisha moja kabatini. Siku ya arobaini ingefika kesho, ingepita, ingefuata ya arobaini na moja, na hizo zote zingekuwa zake peke yake. Akaketi, akangoja kuguswa goti. Alingoja mpaka wali ukapoa. Kisha akala kwa mkono wa kushoto, mlango ukiwa wazi, wapitao waone. Na mkono wa kulia, ambao maisha yake yote haukuwahi kumfaa kwa jina lake, ukapanda usoni kumfuta machozi. Hapo ndipo Doto alipojua ule mkono ni wa kulia nini.